Mtoto Huyu Atakuwaje?

Liko swali ambalo wazazi huwauliza madaktari katika wodi za watoto wachanga, nalo si swali la uganga peke yake. Mtoto amezaliwa na uvimbe mgongoni au kisogoni, au kichwa chake chazidi kukua wiki hata wiki kupita kadiri. Daktari amekwisha kumpima, amekwisha kueleza kwamba ubongo wa nyuma haukuumbika kama ilivyo desturi, na kwamba upasuaji unawezekana. Ndipo baba, au mama, au bibi aliyefuatana nao, auliza: "Daktari, tukikubali apasuliwe, mtoto huyu atakuwaje?"

Daktari mwema hujibu kwa hesabu. Asema kwamba katika watoto kumi wa namna hii kadha huishi, kadha hufa, kadha watatembea na kadha hawatatembea kamwe. Hesabu hiyo ni halali, na wazazi wana haki ya kuisikia yote bila kufichwa neno. Lakini twaona kwamba mara nyingi hesabu hupewa kazi isiyo yake: badala ya kutoa habari za upasuaji, hufanywa hukumu juu ya mtoto. Kosa hilo si dogo. Limetendwa na watu wenye elimu kubwa, katika hospitali zilizokamilika, nalo hutendwa pia vijijini mwetu kwa maneno mengine. Ndilo tunalotaka kulifikiri leo.

Yafaa kwanza tueleze maradhi yenyewe, maana mengi husemwa juu yake ambayo hayana msingi. Ubongo wa nyuma ni ile sehemu iliyolala kisogoni, juu kidogo ya shingo. Humo umo ubongo mdogo, unaotuwezesha kusimama na kwenda bila kuyumba. Limo pia shina la ubongo, linaloongoza pumzi, mapigo ya moyo na kumeza. Sehemu hizi zaweza kuharibika kabla mtoto hajazaliwa. Kwa watoto wengine ubongo mdogo haukui kikamilifu katikati yake, na mahali pake panajaa maji; hali hiyo yaitwa Dandy-Walker, kwa majina ya madaktari wa Marekani walioieleza, mmoja mwaka 1914 na mwingine mwaka 1942. Kwa wengine ubongo wa nyuma umesukumwa chini, ukapenya katika tundu la fuvu na kuingia shingoni. Aliyezipanga hali hizo kwa namna ni Hans Chiari, mwalimu wa udaktari huko Prague, mwaka 1891. Namna yake ya pili hufuatana karibu daima na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunikwa. Namna ya tatu, ambayo ubongo hutokeza nje kisogoni ndani ya mfuko, ni adimu mno. Chiari mwenyewe alieleza mtoto mmoja tu.

Katika hali zote hizi maji yanayouzunguka ubongo aghalabu hukosa njia ya kupita. Hujikusanya, nacho kichwa huvimba. Hicho ndicho watu wetu wanachokiita kichwa kikubwa, au kichwa maji. Si uchawi, wala si shetani, wala si adhabu kwa dhambi ya mama. Twalisema jambo hili waziwazi kwa kuwa tunajua kwamba mama wa mtoto kama huyu mara nyingi hurudishwa kwao na mumewe, au huachwa hospitalini na mume akaenda zake. Ubongo wa mtoto huumbika katika majuma ya kwanza ya mimba, pengine kabla mama mwenyewe hajajua kwamba ana mimba. Basi nani awezaye kumlaumu?

Zamani watoto hao walikufa karibu wote. Mabadiliko makubwa yalianzia kwa baba mmoja. John Holter alikuwa fundi wa mitambo katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwanawe alizaliwa mwaka 1955 mwenye mgongo wazi na kichwa maji. Akiwa hospitalini Philadelphia alimwona daktari Eugene Spitz akihangaika na mrija wa kutoa maji kichwani, mrija uliokuwa ukiziba au kurudisha damu nyuma. Holter hakuwa mganga; lakini alijua vali ni kitu gani. Akarudi nyumbani akatengeneza kivali kidogo kinachoruhusu maji kupita upande mmoja tu, nacho kikaanza kutumika mwaka 1956. Mwana wa Holter mwenyewe hakuishi miaka mingi. Lakini watoto wasiohesabika duniani wameishi kwa kazi ya baba huyo, nasi hatuoni kwamba yeyote angeweza kuitabiri katika hesabu za mwaka 1955.

Kivali kilipofika Uingereza, madaktari wa mji wa Sheffield walianza, tangu mwaka 1959, kuwapasua watoto wenye mgongo wazi mara tu wanapozaliwa, bila kuchagua. Wengi waliokoka. Hata hivyo wengi wa waliookoka walibaki na miguu isiyo na nguvu, mafigo yaliyoharibika, na vichwa vilivyopasuliwa tena na tena kila mrija ulipoziba. John Lorber, daktari wa watoto katika mji huo, aliyaona hayo kwa macho yake miaka mingi. Mwaka 1971 alichapisha hesabu ya watoto 524, akashauri kwamba tangu siku ya kwanza daktari awatenge wale wenye dalili mbaya: waliopooza sana miguu, wenye kidonda kilichofika juu mgongoni, wenye uti uliopinda, wenye kichwa kikubwa mno, au wenye kasoro nyingine kubwa. Hao, alisema, wasipasuliwe. Mwaka 1973 alitoa matokeo ya shauri lake. Katika watoto 37 walioletwa, 25 waliachwa bila upasuaji. Wote 25 walikufa kabla ya miezi 9 kwisha.

Hatutaki kumdharau mtu huyu. Hakuwa mkatili, wala hakutafuta faida. Alihurumia watoto aliowaona wakiteseka, akadhani huruma yake imempa haki ya kuchagua. Lakini ebu tuitazame hoja yake polepole. Daktari asema: mtoto huyu hatakuwa na maisha mema, basi asitibiwe. Mtoto hatibiwi. Anakufa. Mwaka unaofuata daktari mwingine anafungua kitabu, anasoma kwamba watoto wa namna hii hufa wote, naye asema: kumbe ni kweli. Hesabu imejithibitisha yenyewe, kwa mkono wa yule aliyeiamini. Ni kama mkulima aliyesema kwamba shamba lile halizai, akaacha kulipanda, na wakati wa mavuno akawaonyesha jirani zake magugu.

Tena liko jambo zito zaidi. Robert Zachary, daktari wa upasuaji wa watoto katika mji uleule wa Sheffield, alieleza mwaka 1977 kwamba watoto waliotengwa walipewa dawa za kuwalaza, nao walinyonyeshwa pale tu walipoonyesha njaa. Mtoto aliyelazwa kwa dawa halii kwa njaa. Hivyo ilisemekana kwamba maumbile yameachwa yafanye kazi yake, na kumbe haikuwa maumbile. Twaomba msomaji asipite haraka mahali hapa. Neno "kuacha" ni neno lenye sura mbili. Kuacha tiba isiyofaa ni jambo moja. Kumwacha mtoto ni jambo lingine. Na kumsukuma kidogo huku ukisema umemwacha ni jambo la tatu.

Huko Chicago madaktari waliendelea kuwatibu wote. Waliwafuatia watoto 118 waliotibiwa kati ya mwaka 1975 na 1979, na mwaka 2001, watoto hao walipokuwa watu wazima vijana, walichapisha habari zao. Hawakuficha kitu. Karibu robo walikuwa wamekufa, na vifo vilizidi kuongezeka hata ujanani. Karibu wote waliotiwa mrija walikuwa wamepasuliwa tena angalau mara moja ili urekebishwe. Nusu hivi migongo yao ilikuwa imepinda. Lakini katika wale waliopatikana tena, watu 85 katika kila 100 walikuwa wamehitimu au walikuwa wakisoma shule ya sekondari au chuo. Watoto hao ni wa ugonjwa uleule walioachwa wafe katika mji mwingine miaka michache tu nyuma.

Je, tofauti ilitoka wapi? Si kisu pekee kilichoileta. Mwaka 1972 Jack Lapides, daktari wa njia ya mkojo huko Michigan, alionyesha kwamba mgonjwa ambaye kibofu chake hakina nguvu aweza kutolewa mkojo mara kadha kwa siku kwa mpira mwembamba, mikono ikiwa imeoshwa vizuri tu, bila mashariti yote ya chumba cha upasuaji. Jambo dogo hilo! Mama aweza kujifunza. Mtoto akikua ajifanyia mwenyewe. Lakini mafigo ya maelfu ya watu yameokolewa kwalo, na kufa kwa mafigo kulikuwa sehemu kubwa ya zile hesabu za kutisha za Sheffield. Hesabu haikusema lolote juu ya mpira wa Lapides, kwa sababu ilikusanywa kabla yake.

Hapa ndipo twafikia kiini. Tunapouliza "mtoto huyu atakuwaje?" twadhani jibu limefichika lote ndani ya kichwa cha mtoto, na kazi ya daktari ni kulichungulia kwa mashine na kutuletea. Sehemu ya jibu imo humo kweli; ubongo ulioharibika umeharibika. Lakini sehemu nyingine, nayo si ndogo, haimo ndani ya mtoto kabisa. Imo katika mrija, katika barabara, katika mkono wa mama, katika fedha ya nauli, katika kuwapo au kutokuwapo kwa mtu anayejua la kufanya mtoto anapoanza kutapika na kulegea macho. Maana yake ni kwamba swali lile, hata likielekezwa kwa daktari, latuuliza na sisi.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona jambo hilo. Katika mji wa Mbale, mashariki ya Uganda, ilifunguliwa mwaka 2001 hospitali ya CURE kwa ajili ya upasuaji wa ubongo wa watoto. Daktari Benjamin Warf wa Marekani, aliyehamia huko na jamaa yake, aliona mara moja shida ambayo vitabu vya Ulaya havikuijali. Mrija wa kutoa maji kichwani ni kitu chema, lakini huziba. Hata Marekani, karibu mirija 40 katika kila 100 hushindwa kabla ya mwaka mmoja kupita. Mtoto wa mjini Boston mrija ukiziba usiku, asubuhi yuko hospitalini. Mtoto wa kijijini, ambaye mama yake lazima apande pikipiki, kisha basi, kisha basi jingine, mrija ukiziba aweza kufa njiani. Basi mrija uleule ni wokovu mahali pamoja na hatari mahali pengine.

Warf akatumia njia nyingine. Kwa darubini nyembamba iliyopita ndani ya ubongo alitoboa mlango mdogo ili maji yapate njia mpya, kisha akachoma sehemu ya ule utando unaotoa maji hayo. Mtoto hakuachiwa mrija wowote. Mwaka 2005 alitoa matokeo. Kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa watoto 47 katika kila 100. Kutoboa pamoja na kuchoma kulifaulu kwa 66. Kwa wale wenye mgongo wazi, ambao ubongo wao wa nyuma umeshuka shingoni, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 35 kwa njia ya kwanza, 76 kwa njia ya pili. Mwaka 2011 yeye na wenzake waliandika habari za watoto 45 wenye Dandy-Walker na hali zinazofanana nayo waliotibiwa hivyohivyo, na karibu watatu katika kila wanne hawakuhitaji mrija. Yatupasa kusema pia kwamba kuondolewa maji si kuponywa ubongo; ubongo mdogo uliokosa kukua haukui kwa kisu. Wako watoto waliofaulu upasuaji nao wakachelewa sana kusema na kukaa. Lakini njia hiyo, iliyokuzwa katika Mbale kwa sababu ya umaskini wa barabara, imekwenda hata Marekani kufundishwa huko.

Katika mwaka uleule wa 2011 Warf na wenzake waliuliza ni nini kilichowatenga waliookoka na waliokufa miongoni mwa watoto wenye mgongo wazi waliotibiwa Mbale. Msomaji atadhani ni ukubwa wa kidonda. Kumbe jambo moja lililojitokeza lilikuwa wilaya ya mtoto. Waliotoka katika wilaya zenye wahudumu wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaangalia watoto wenye ulemavu waliokoka zaidi kuliko waliotoka katika wilaya zisizo nao. Daktari alikuwa yeye yule, kisu kilekile. Nyumbani ndiko kulikokuwa na tofauti.

Wala umbo la ubongo lenyewe si jambo lililokwisha kuandikwa kama tulivyodhani. Mwaka 2011 huko Marekani yalitolewa matokeo ya kuwapasua watoto wenye mgongo wazi wakiwa bado tumboni mwa mama, kabla ya juma la 26. Wale waliofungwa mgongo tumboni, watoto 36 katika kila 100 hawakuwa tena na ubongo wa nyuma ulioshuka walipotimiza mwaka. Kwa wale waliofungwa baada ya kuzaliwa walikuwa 4 tu. Ubongo ulikuwa umepanda na kurudi mahali pake. Upasuaji huo una hatari kwa mama na hupatikana katika hospitali chache tu, kwa hiyo hatuusemi kama tiba ya kesho katika nchi zetu. Twausema ili aliyezoea kusema "ndivyo alivyoumbwa" afikiri mara ya pili.

Sasa atasimama mtu aseme: Ninyi mwahubiri kwamba kila mtoto apasuliwe, hata kama ni kumwongezea mateso. La, hatusemi hivyo, na hapa hatuna budi kuwa waangalifu, kwa kuwa kuna wazazi wanaolia usiku kwa sababu waliambiwa kukataa kisu ni sawa na kuua.

Wapo watoto ambao ubongo wao wa nyuma umebanwa hata pumzi inakatika. Mtoto huvuta hewa kwa sauti ya kukwaruza, hupaliwa na maziwa, hugeuka rangi. Daktari hodari hutazama kwanza kama maji kichwani yamezidi au mrija umeziba, kwa sababu mara nyingine kurekebisha hilo tu hutosha. Isipotosha, aweza kuondoa mfupa wa nyuma ya shingo ili ubongo upate nafasi. Afanyapo mapema, watoto wengine hupata nafuu njema. Lakini ikiwa shina la ubongo limekwisha kuharibika, na nyuzi zote mbili za sauti zimepooza, kisu mara nyingi hakirudishi kilichopotea. Vivyo hivyo kwa mtoto wa ile namna ya tatu ya Chiari, ambaye sehemu kubwa ya ubongo imo ndani ya mfuko ulio nje ya fuvu. Hapo daktari aweza kusema kwa dhamiri safi: upasuaji huu hautamfaa, utamwumiza bure. Na wazazi waweza kukubali bila kosa.

Kanisa halikungoja mashine za leo ili kulifundisha jambo hili. Papa Pio wa 12, aliposema na madaktari wa dawa za usingizi tarehe 24 Novemba 1957, alieleza kwamba mtu afungwa kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, zile zisizoleta mzigo mzito mno kwake au kwa wengine. Zaidi ya hapo hakuna amri. Mwaka 1980 tamko la Roma juu ya kuwaua wagonjwa kwa jina la huruma lilieleza zaidi vitu vya kupima: aina ya tiba, ugumu wake, hatari yake, gharama yake, na faida inayotumainiwa, ikitazamwa hali ya mgonjwa na nguvu zake. Angalia vema kinachowekwa katika mizani. Tiba ndiyo inayopimwa. Mtoto hapimwi. Kuuliza "je, tiba hii yamfaa mtoto huyu?" ni kazi ya akili na upendo. Kuuliza "je, mtoto huyu anastahili tiba?" ni kuketi katika kiti ambacho hakuna mwanadamu aliyepewa. Maneno ni karibu yaleyale, yamebadilishana mahali tu. Ndiyo maana watu wema huteleza toka swali moja hadi jingine pasipo kujua.

Uholanzi inatuonyesha mwisho wa mtelezo huo. Mwaka 2005 madaktari wawili wa Groningen walichapisha habari za watoto wachanga 22 wenye mgongo wazi wa namna kali ambao maisha yao yalikatishwa na madaktari, kwa dawa, katika muda wa miaka saba. Sababu iliyotolewa ni mateso yasiyo na tumaini. Hakuna daktari aliyeshtakiwa. Lakini mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa nchi hiyohiyo, ambamo watoto wachanga wenye mgongo wazi walipimwa maumivu yao siku kwa siku, na wengi wakaonekana kuwa na maumivu machache. Basi mateso yale yaliyokuwa sababu ya kifo yalikuwa ya nani? Twashuku kwamba kwa sehemu yalikuwa ya watazamaji. Mwaka 1999 wachunguzi wawili waliwauliza watu wenye ulemavu mzito huko Marekani waseme wenyewe juu ya maisha yao, na 54 katika kila 100 walisema ni mema au mema sana. Mtu mzima mwenye miguu yenye nguvu akimtazama asiyetembea hujiwaza yeye mwenyewe amenyang'anywa miguu. Mtoto aliyezaliwa hivyo hakunyang'anywa. Anaanza safari yake pale alipo.

Huku kwetu hakuna tamko la Groningen, lakini tunayo maneno yetu. "Mwanangu, usijitese, mwache apumzike, utazaa mwingine." Mara ngapi bibi mwenye mapenzi ya kweli amesema hivyo! Au baba akakadiria bei ya ng'ombe atakayeuzwa, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa jibu. Hatuwahukumu. Nauli ni nauli, na ndugu wengine wa mtoto huyo nao wanataka kula na kusoma. Mzigo uzitoao jamaa nzima nao huhesabika katika mizani ile ya Papa Pio. Lakini twataka kila mmoja ajue anachopima. Kama ni umbali na fedha, basi aseme ni umbali na fedha, maana hivyo vyaweza kupunguzwa na watu wengine wakiambiwa. Asiseme ni mapenzi ya Mungu. Ng'ombe aweza kuchangiwa. Lakini jambo lililokwisha kuitwa mapenzi ya Mungu hakuna ajitoleaye kulichangia.

Na madaktari twawaomba jambo moja. Wanapotoa hesabu, waseme ni hesabu ya nani, ya wapi, na ya miaka gani. "Katika hospitali fulani, watoto waliofika kabla ya miezi mitatu, waliorudi kliniki kila mara." Mzazi asiyesoma aelewa kabisa maneno hayo, kuliko daktari adhanivyo, wakulima wanajua kwamba mavuno ya Mbeya si mavuno ya Dodoma. Tena waseme mambo wasiyoweza kuyafanya, na kwamba asiyepasuliwa hafukuzwi: atapewa dawa ya maumivu, atalishwa taratibu, atapakatwa, ataitwa kwa jina lake, na wazazi wakitaka atabatizwa palepale wodini.

Juu ya mgongo wazi liko neno lingine ambalo hatuwezi kuliacha. Mwaka 1991 uchunguzi mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kwamba mama aliyekwisha kuzaa mtoto kama huyo, akimeza vidonge vya foliki asidi kabla ya kushika mimba tena na katika majuma ya kwanza, hatari ya kumpata wa pili hupungua kwa 72 katika kila 100. Vidonge ni rahisi, lakini mgongo wa mtoto hufungika kabla ya siku 28 za mimba, na akina mama wetu wengi hufika kliniki mwezi wa nne au wa tano. Basi mahali pa kulisema jambo hili ni katika mafundisho ya ndoa, kabla ya harusi. Nesi wa zahanati ya jirani aweza kualikwa kwa saa moja.

Na kwa wale ambao mtoto amekwisha kuzaliwa: kila jumuiya yajua nyumba ambayo mama hatoki na mwanawe nje kwa haya ya kichwa chake. Wanaume wa jumuiya hiyo waweza kuulizana nani ana pikipiki siku ya kliniki, na wanawake waweza kuulizana nani atabaki na watoto wengine. Kichwa cha mtoto mchanga kinachokua upesi chahitaji kupimwa wiki hii, kwa utepe wa fundi cherehani ikiwa hakuna mwingine, na kipimo kiandikwe pamoja na tarehe, ili daktari wa wilaya akione.